Miguu ya Ijumaa

Kwa miaka sita Jedidah Awuor hakulala, na kwa miaka sita Rangwe nzima ilijua sababu. Kila mtu alikuwa na yake. Tony wa duka la dawa alisema ni mawazo, akamuuzia vidonge vya mafua kwa kuwa vinaleta usingizi. Viliuleta kweli, ila viliuleta saa nne asubuhi, kidole kikiwa karibu na sindano ya cherehani. Pasta alisema ni dhambi ambayo haijaungamwa, akampa wiki mbili aikumbuke. Kliniki moja mjini Homa Bay walimpima wakakuta malaria na taifodi, maana pale kila mtu hukutwa na malaria na taifodi, hata aliyeingia kuuliza njia. Akameza dawa zote akazimaliza, usingizi ukakataa kuja, akarudi, wakampima tena: kumbe taifodi nayo imerudi. Daktari wa mwisho hakupima chochote. Alimuuliza umri, akaambiwa arobaini na sita, akafunga faili.

"Mama, hiyo ni miaka tu," akasema. "Zoea."

Mumewe, Nicholas, alisema ni simu. Mwanga wa simu unaharibu usingizi, alisikia redioni. Simu ya Jedidah ilikuwa ya vitufe, na mwanga wake haukutosha hata kutafutia tundu la kufuli. Lakini Nicholas angejuaje, wakati yeye ni mtu wa usingizi wa pono? Akishaweka kichwa kwenye mto, mabati yangeezuliwa yote juu yake naye angegeukia tu ubavu wa pili. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala la mahindi. Siku ya Sabato alikuwa mkalimani wa kanisa: mhubiri akisema kwa Kiswahili au Kiingereza, Nicholas anasema kwa Dholuo, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ile ile na kwa mikono ile ile. Alikuwa hodari, hilo lazima tumpe. Kwa miaka kumi na saba alitafsiri kila mgeni aliyepanda mimbari ya Rangwe, na kwa miaka hiyo hiyo hakuwahi kumsikiliza mkewe akamaliza sentensi.

Na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: ni miguu. Jedidah alikuwa na mawazo ya kawaida, kama ya mama yeyote, na dhambi za kawaida pia. Kilichomkosesha usingizi ni miguu. Jua likizama, akiketi au akijinyoosha kitandani, kitu kilianza kutambaa ndani ya mashavu ya miguu, ndani kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna. Hakikuuma. Kingeuma angejua kukieleza, kwa sababu huku kwetu maumivu yana heshima yake. Hiki kilikuwa kama siafu waliopotea njia ndani ya mfupa, na dawa yao ilikuwa moja, kuinuka na kutembea nao. Alimweleza daktari mmoja hivyo hivyo. Daktari akaandika "maumivu ya viungo" na kumpa panado.

Bahati yake alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa miguu, na siku moja katika hangaiko lake aligundua kwamba akikanyaga, siafu hunyamaza. Basi akawa anashona usiku. Alishona sare za shule, magauni ya kwaya, mapazia ya watu waliojenga Nairobi, huku mkono mmoja ukiingia mara kwa mara kwenye mfuko wa aproni kutoa kipande cha odowa, lile jiwe laini ambalo wanawake wa huku hutafuna na ambalo sokoni huuzwa kwa vifungu pembeni mwa nyanya. Alikuwa akitafuna kama mbuzi mchana na usiku, na hakuna aliyemtazama mara mbili, kwani nani hatafuni?

Usiku mzima cherehani ililia, na Rangwe ilimsifu. Mama Linet ana bidii. Mama Linet hachoki. Wasichana walitolewa mfano wake. Mtu akikesha kwa ajili ya kazi, Rangwe inamwona mchapakazi, haiulizi lolote.

Lakini kulikuwa na Ijumaa.

Jedidah alikuwa shemasi katika kanisa la Waadventista, na Sabato huanza Ijumaa jua likizama. Saa hiyo aliifunika cherehani kwa kitambaa cheupe na hakuigusa tena mpaka Jumamosi jioni. Angejaribu kuigusa, dhamiri ingemshona midomo. Tatizo ni kwamba miguu haikuwa imebatizwa. Usiku wa Ijumaa siafu walikuja kama kawaida, cherehani ikiwa imefunikwa, na Jedidah hakuwa na la kufanya ila kutoka nje akiwa na gauni lake jeupe la kulalia, miguu mitupu kwa sababu ubaridi wa ardhi ulimtuliza, na kutembea. Alienda kutoka mlangoni mpaka chooni, kutoka chooni mpaka kwenye ua, kutoka kwenye ua mpaka mlangoni. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili asipoteze muda wote bure.

Mgeni wa sehemu hizi itabidi aelezwe jambo hapa. Kuna mtu anayeitwa jajuok. Si mwizi na si muuaji. Wanasema ni mtu mwema tu wa mchana, pengine mwalimu, pengine mweka hazina wa chama, ambaye usiku ukiingia hawezi kujizuia, lazima atoke akimbie, atupe vijiwe juu ya mabati ya watu, acheze milangoni mwao. Wanasema ni jambo la damu, linarithiwa. Ndiyo maana kijana akitaka kuoa, watu wake hutuma shangazi mwenye macho makali aende akaulize ukoo wa msichana ukoje. Mtu husamehewa ufukara, husamehewa hata ulevi. Jajuok hasamehewi.

Sasa ng'ambo ya ua wa Jedidah aliishi Phelesia, mke wa mzee wa kanisa Javan, mwenyekiti wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa, na mmiliki wa mdomo usio na breki. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mnene, mwenye heshima zake, na dirisha la chumba chake lilitazama moja kwa moja uani kwa Jedidah. Siku moja alimwita kwa upole mkubwa.

"Mama Linet, huwa nakuona usiku. Kuna shida?"

Jedidah, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza hivyo kwa miaka, nusura alie. "Ni miguu, Mama Omanga. Ikifika usiku inataka kukimbia yenyewe. Siwezi kuizuia."

Ungemwambia Phelesia hayo umwombe ayaweke moyoni, yangekaa huko mpaka afike barabarani. Alhamisi hiyo kwenye mkutano wa Dorkasi alianza, kama kawaida yake, kwa kusema kwamba yeye hapendi kusema watu.

"Mimi sitaji jina," akasema, akataja nyumba. "Amesema kwa kinywa chake kwamba miguu inataka kukimbia. Na ni Ijumaa, wapendwa. Si Jumatatu, si Jumatano. Kwa nini achague usiku wa Sabato?"

Swali hilo lilionekana zito kuliko yote yaliyowahi kuulizwa Dorkasi. Wanawake watu wazima, waliosoma, wakatikisa vichwa. Hakuna aliyesema kwamba siku nyingine zote mama huyo yuko kwenye cherehani na kila mtu anaisikia. Mwezi uliofuata, Jedidah ambaye kwa miaka tisa alikanda mkate wa Meza ya Bwana aliambiwa apumzike, ameufanyia kazi sana Ufalme. Wateja nao wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Wale ambao sare zao zilibaki vifungo tu waliamua kumtegemea Mungu mpaka vifungo viwekwe.

Hayo yote Jedidah aliyameza. Aliuma meno akakanyaga cherehani. Jambo ambalo halikumezeka lilikuja mwezi wa Machi, pamoja na Linet.

Linet alikuwa binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Karungu, kando ya ziwa. Alikuwa amempata kijana aitwaye Cliff, fundi wa injini za maboti, mtulivu, asiyekunywa, anayempikia mchumba wake samaki. Mipango ilikuwa imefika kwenye ayie, siku ambayo watu wa mvulana huja kumpa mama wa msichana chake, naye akikipokea amekubali. Siku hiyo ni ya mama. Jedidah alikuwa tayari ameishona nguo ya kuvaa.

Linet aliingia, akaweka mkoba chini, hakuketi.

"Mama, dani yake Cliff amesema hawaji," akasema. Dani ni bibi, na huyu ndiye aliyemlea Cliff. "Amesikia maneno. Anasema hataki kuleta damu kama hiyo nyumbani kwake. Atakuja mwezi wa nane kuuliza mwenyewe, na akiridhika ndiyo tuendelee. Akikosa kuridhika basi."

"Na Cliff anasemaje?"

"Cliff ananipenda. Lakini hatapinga dani yake." Hapo sasa ndipo aliketi, na akalia kwa uchungu, mwanamke wa miaka ishirini na sita, kichwa mapajani mwa mamaye.

Jedidah alimshika kichwa, miguu yake mwenyewe ikiwa imeanza kutambaa chini ya kile kilio, akaona kwamba mambo yamefika pabaya. Kunyang'anywa mkate wa kanisa ni aibu yake. Hii ilikuwa ya mtoto. Na neno moja lilimkaa kichwani siku nyingi: damu. Wanasema damu yetu.

Kwa hiyo kanisa lilipotangaza wiki ya afya mwezi wa Aprili, na kwamba Jumapili timu ya kukusanya damu itapiga hema uwanjani, Jedidah alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kama damu yake ndiyo inayosemwa, ataitoa hadharani, itiwe kwenye mfuko, ipigwe muhuri, apewe mgonjwa mahali fulani aende nyumbani akiwa mzima. Jajuok gani ana damu iliyopigwa muhuri?

Rangwe nzima ilikuja. Baadhi walikuja kutoa damu, wengi walikuja kuona ya Jedidah. Nicholas alikuwa amepewa kipaza sauti ili atafsiri, kwa kuwa msichana wa maabara aliyetoka Migori, jina lake Bosibori, alikuwa Mkisii asiyejua Dholuo hata ya kuombea maji. Meza ya Bosibori ilikuwa na kichupa cha maji ya buluu. Alimdunga Jedidah kidole, akafyonza tone, akaliachilia ndani ya ile buluu.

"Tone likizama, damu inatosha, mama anaendelea," Bosibori alieleza, na Nicholas akatangaza hivyo hivyo kwa kipaza sauti, na mkono akaushusha kuonyesha kuzama.

Tone la Jedidah lilishuka kidogo. Likasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Kisha taratibu, mbele ya macho ya kanisa zima, likapanda juu likaelea.

Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kana kwamba waliambiana. Phelesia alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani. Jedidah alilitazama lile tone akajiambia, basi. Nimemmaliza mtoto wangu kwa mkono wangu.

Bosibori peke yake ndiye aliyesogea mbele. Alimvuta Jedidah chini ya jicho kwa kidole gumba, akaangalia ndani ya ukope, akachukua viganja vyake akavigeuza. Vilikuwa vyeupe kama unga.

"Mama, unatafuna mawe?"

"Anauliza, unatafuna odowa?" Nicholas akatangaza.

Jedidah akatia mkono mfukoni akatoa kipande, kwa aibu.

"Jioni ukikaa, miguu inakusumbua? Kitu kinatembea ndani, mpaka usimame?"

Jedidah alimkodolea macho yule msichana. Kwa miaka sita hakuna aliyemuuliza. Aliitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Nicholas alikuwa ametafsiri nusu, mkono ukiwa hewani ukionyesha kitu kinachotembea, na hapo kwa mara ya kwanza alionekana kusikia alichokuwa akisema.

Lakini mazoea ni mazoea. Bosibori akainama, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, jambo la mwanamke na mwanamke, na Nicholas, ambaye kinywa chake kilikuwa na miaka kumi na saba ya kazi, akalipokea akalirusha kwenye kipaza sauti mpaka sokoni:

"Anauliza, damu yako ya mwezi inatoka siku ngapi?"

Muuza matikiti ng'ambo ya barabara aligeuka. Nicholas alitazama kipaza sauti kana kwamba ndicho kilichosema. Jedidah, alipoona hakuna tena kilichobaki cha kuficha, aliinua kichwa.

"Siku tisa," akasema kwa sauti kubwa, bila kipaza. "Mara nyingine kumi. Na mabonge. Miaka sita sasa. Watafsirie."

Naye akawatafsiria. Masikio yake yalikuwa mekundu jinsi ngozi nyeusi inavyoweza kuwa nyekundu, lakini alitafsiri.

Mambo yaliyofuata hayakuwa na maajabu, ndiyo maana hayakumpendeza mtu. Jumanne Jedidah na Nicholas walikwenda Migori kwenye kituo alikofanya kazi Bosibori. Daktari wa huko, mama mmoja wa maneno machache, alipima damu, kisha akapima kitu kingine ambacho kliniki zote zile hazikuwahi kukiwaza, akiba ya madini ya chuma mwilini. Akiba haikuwepo. Ghala lilikuwa tupu, akasema, limefagiliwa. Picha ilionyesha vimbe tatu kwenye mji wa mimba, si za kutisha, lakini ndizo zilizokuwa zikimwaga damu mwezi baada ya mwezi. Damu inakwenda na chuma, na mwili wa wengine ukikosa chuma miguu huleta fujo jioni, usingizi unakataa, na mtu hujikuta anatamani udongo na mawe. Odowa nayo huzuia hata kile chuma kidogo kilicho kwenye chakula. Umri haukuwa ugonjwa, akasema daktari. Ulikuwa ni mahali pazuri pa kuufichia.

Alipewa dawa ya kupunguza damu, vidonge vya chuma vya miezi mingi, tarehe ya upasuaji ya mwezi wa kumi, na amri ya kuacha odowa. Vidonge vilimkwaza tumbo. Odowa ilimtesa zaidi, kwa wiki tatu alipita sokoni akitazama upande mwingine. Nicholas alimpikia omena na maini, vibaya, lakini kila siku. Jioni alikaa naye akamuuliza miguu imeamkaje leo, kisha akanyamaza kusubiri jibu lote. Kwake hiyo ilikuwa kazi mpya.

Mwezi wa Juni, Ijumaa moja, Jedidah aliifunika cherehani, akaketi kitandani kungoja siafu. Alipofungua macho jua lilikuwa dirishani na kanisani walikuwa wameshamaliza Shule ya Sabato. Alikuwa amelala saa kumi na nne mfululizo. Alikaa pale pale kitandani akalia kwa furaha, na kwa hasira pia, hasira kubwa, akiihesabu ile miaka sita.

Ungedhani habari ingeishia hapo, lakini huijui Rangwe. Kuanzia Juni hakuna aliyemwona tena Jedidah nje Ijumaa, na hilo likawa ushahidi. Ameacha kwa sababu ametajwa. Wengine, waliosikia neno chuma, wakaeleza kwamba bila shaka huko Migori wamemfunga kwa chuma, kila mtu anajua wachawi na chuma hawapatani. Kwa hiyo alipokuwa hatembei alikuwa jajuok aliyefungwa, hali ambayo kwa mwenye mtoto wa kuozesha haina tofauti kubwa na ile ya kwanza. Jedidah aliweka karatasi zote za hospitali kwenye bahasha. Alijua hazitasaidia. Dani wa Karungu hakusoma.

Alikuja Jumapili ya pili ya Agosti, na Cliff, na shangazi wawili. Alikuwa kibibi mkavu, rozari shingoni, mwenye macho ya mtu aliyenunua samaki maisha yake yote. Aliketi sebuleni kwa Jedidah, akakataa soda, akasema Cliff na Linet wabaki waone, hakuna cha kufichwa. Kisha akaomba aitwe huyo aliyeona.

Phelesia alikuja akiwa amevaa suti ya Dorkasi, pamoja na mumewe, Mzee Javan. Jedidah alikaa kitini, mikono mapajani. Alitamani kusema, lakini siku kama hiyo mama wa msichana hujibu akiulizwa tu.

"Mama, sema ulichoona," Dani alisema. "Usiongeze."

"Mimi sipendi kusema watu," alianza Phelesia. "Lakini nimeona kwa macho haya. Kila Ijumaa. Saa nne usiku yuko mlangoni. Saa saba yuko pale kwenye ua. Saa tisa anarudi chooni, anaimba. Saa kumi na nusu bado."

"Ijumaa ngapi?"

"Zote, miaka sita. Hata mvua ikinyesha."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine ni cherehani. Inalia mpaka alfajiri."

"Umeambiwa, au umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia mwenyewe. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Hainyamazi."

Dani alimtazama kama anayepima iwapo samaki ni wa leo au wa juzi.

"Na wewe, mama," akauliza, "hulala saa ngapi?"

Phelesia alisema tena kwamba yeye hapendi kusema watu. Shangazi mmoja alivuta kiti chake kidogo mbali naye. Mzee Javan alikohoa akasema mke wake ni mwombaji, huamka kuomba.

"Miaka sita, kila usiku, dirishani," alisema Dani. "Anaomba akitazama wapi?"

Jedidah alisikia raha ikimpanda mwilini, na hatuna haja ya kumsingizia utakatifu. Ilikuwa raha tamu. Hakuhitaji kusema neno. Angenyamaza dakika mbili tu, lile jina lingeinuka kichwani pake, livuke ua, likae kwa Phelesia milele, na Linet angeolewa kwa amani. Alimwona Linet akimtazama, naye akijua hivyo hivyo. Wote sebuleni walikuwa wakingoja.

Akashusha macho ili asionekane anafurahi, na hapo akaona mguu wa Phelesia. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, jua linashuka. Chini ya ile suti ya Dorkasi, kisigino kilikuwa kikigonga sakafu, mguu mmoja ukijisugua kwa mwingine, ukinyooka, ukikunjika, ukinyooka. Hakuna mtu mwingine pale ambaye angeona chochote. Jedidah aliijua ile ngoma kuliko alivyolijua jina lake.

Aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya mke wa mzee wa kanisa, akamshika shavu la mguu kwa mikono miwili, kwa nguvu, pale pale alipokuwa akijishika yeye.

"Ni hapa?"

Phelesia alimtazama. "Inaanzia hapo," akasema. "Halafu inapanda."

"Tangu lini?"

"Tangu nimzae Omanga."

Omanga alikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu. Mzee Javan, aliyelala kando ya miguu hiyo zaidi ya miaka ishirini, aliuliza, "Inapanda nini?"

"Nyamaza, Javan," alisema Nicholas kutoka mlangoni. "Sikiliza kwanza."

"Kesho nina miadi Migori," Jedidah alimwambia Phelesia. "Twende pamoja. Sijui kama chako ni kama changu. Watakupima."

Dani alikuwa ameshageuza uso. Aliona alichotaka kuona, na hakuhitaji bahasha. "Linet," akasema, "leta maji tunawe mikono. Sisi tumekuja kuoa." Shangazi wakainuka kushughulika, Cliff akaachia pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Karungu, na kwa dakika moja hakuna aliyewatazama wale wanawake wawili sakafuni na kitini.

"Kwa nini, Mama Omanga?" Jedidah aliuliza polepole, bila kuuachilia mguu. "Ulijua ni nini. Kuliko mtu yeyote, wewe ulijua."

Phelesia alijifuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwa nakaa pale dirishani nikikuona unatembea," akasema, "nikikuonea wivu mpaka nalia. Wewe ulitoka. Mimi ni mke wa mzee wa kanisa. Ningetoka nje usiku, watu wangesema nini?"